Jiliwa la mkono lililopewa baba asiye wake: uchambuzi wa kisa kimoja cha chapa

Kisa hiki kinahusu chombo kinachotosha kiganjani na herufi mbili zilizogongwa juu yake. Nimeondoa majina ya watu, chuo na mahali. Vipimo, alama na mpangilio wa matukio nimeviacha vilivyo, kwa sababu somo lote limo humo.

Chombo chenyewe

Jiliwa la mkono, au vaisi ya mkono kama mafundi wengi wanavyoiita, ni jiliwa dogo lisilofungwa mezani. Lina miguu miwili ya chuma iliyoungwa chini kwa bawaba. Kati ya miguu hiyo kuna springi bapa inayoisukuma ifunguke. Katikati inapita skrubu, na nje ya mguu wa mbele kuna nati ya masikio ambayo fundi huikaza kwa kidole gumba na cha shahada. Juu kabisa ni mataya mawili yenye meno kama ya tupa. Fundi saa, sonara, fundi bunduki na fundi wa makufuli wote wamelitumia kwa kazi ileile: kushika kipande kidogo kisichoshikika kwa vidole, huku mkono wa pili ukipiga tupa au ukitoboa tundu.

Umbo hili limebadilika kidogo sana kwa zaidi ya karne mbili, na ndiyo maana linawatatiza wanaotaka kujua umri wake. Patasi au randa ya mbao humwambia mtazamaji mengi kwa umbo lake tu. Jiliwa la mkono halisemi mengi kwa umbo, kwa hiyo watu hukimbilia herufi.

Usuli wa kisa

Fundi mmoja wa saa na makufuli alifariki akiwa mzee sana. Sanduku lake la vyombo likabaki kwa binti yake. Miaka kadhaa baadaye chuo cha ufundi kiliomba vyombo vichache vya kuonyeshwa kwenye kabati la kioo, kila kimoja na kibandiko chake cha maelezo. Binti akachagua jiliwa la mkono. Alikuwa ameambiwa na mnunuzi wa vyombo vya kale kwamba lina herufi P na S, kwamba hizo ni za Peter Stubs, na kwamba chombo ni cha karne ya 18. Alitaka mtu wa kulithibitisha hilo kabla halijachapishwa. Mwanafunzi wangu wa zamani akamleta kwangu.

Nieleze kwanza kwa nini jina hilo lina uzito. Peter Stubs alizaliwa mwaka 1756 na kufariki 1806. Aliishi Warrington, Lancashire, nchini Uingereza, akitengeneza tupa na wakati huohuo akiendesha nyumba ya wageni iitwayo White Bear, ambako pombe ilipikwa papo hapo. Biashara hizo mbili zilisaidiana kwa namna ya ajabu: machicha ya chachu yaliyobaki chini ya mapipa yalipakwa kwenye tupa kabla ya kutiwa matiko, yaani kupashwa moto na kupoozwa ghafla ili zikaze. Machicha hayo yakiungua huacha kaboni, na kaboni hulinda na kukazanisha meno ya tupa yasilainike motoni. Tupa zake zenye chapa PS zilipata sifa kubwa miongoni mwa mafundi saa, na wanawe wakaendeleza nyumba hiyo ya biashara baada yake. Stubs aliuza vilevile vyombo vya aina nyingine ambavyo mafundi wa vijiji vya kusini-magharibi mwa Lancashire walivitengeneza majumbani mwao. Eneo hilo, pamoja na mji wa Prescot, lilikuwa kitovu cha vyombo vidogo vya mafundi saa. John Wyke naye alianzia Prescot kabla ya kuhamia Liverpool, ambako alitoa orodha ya vyombo yenye michoro ambayo mpaka leo hutumiwa kulinganisha maumbo.

Kwa hiyo mtu akiona P na S kwenye jiliwa dogo lililofanyiwa kazi nzuri, akili inaruka yenyewe kwenda Warrington. Yangu iliruka pia.

Yaliyotokea, hatua kwa hatua

Siku ya kwanza jiliwa lilinifikia likiwa limefungwa kwenye gazeti. Urefu wake ulikuwa milimita 118, upana wa mataya milimita 31. Miguu ilikuwa na kingo zilizokatwa mshazari, na karibu na bawaba kulikuwa na pete mbili za urembo zilizochongwa kwa tupa. Uso wa nje wa mguu wa mbele ulikuwa unang'aa kuliko sehemu nyingine zote. Nilipouliza, nikaambiwa kaka wa yule binti alianza kulisafisha kwa brashi ya waya iliyofungwa kwenye mashine, akaacha alipoitwa kula. P na S zilikuwa upande wa mguu wa nyuma, salama.

Hapo nikafanya kosa langu. Nilipiga picha moja kwa mwanga wa simu uliotoka moja kwa moja mbele, nikazitazama herufi dakika chache, nikamtumia binti ujumbe: "Dada, umbo ni la Lancashire, huenda kweli ni Stubs. Nipe muda." Niliyatilia mkazo maneno mawili ya mwisho. Yeye na jamaa zake walisikia yale ya katikati.

Siku ya pili niliamua mambo mawili. La kwanza, hakuna mashine wala msasa kugusa chuma hiki tena. Chapa nyingi za zamani zina kina kidogo mno, na kutu inapokuwa imejaa ndani ya herufi, kingo za herufi huwa zimeinuka sawa na kutu yenyewe. Brashi ngumu huzing'oa zote pamoja. La pili, sitatumia asidi. Hata asidi ya limau, ambayo watu huiona kama dawa ya upole, hula chuma kilicho chini ya kutu na kuacha uso wa kijivu usioonyesha tena mistari ya tupa ya mtengenezaji. Mistari hiyo nilikuwa naihitaji, kama utakavyoona. Njia ya kuondoa kutu kwa umeme na magadi ingeweza kufaa baadaye, lakini haikuwa na haraka. Nikapaka mafuta mepesi, nikaacha usiku kucha, kisha nikaondoa uchafu kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa na brashi laini ya shaba nyekundu. Kazi ya subira tu.

Siku ya tatu nikazima taa za chumba na kuweka tochi ndogo kando, mwanga ukilala karibu sawa na uso wa chuma. Kwa mwanga wa namna hiyo kila kishimo hutoa kivuli. Herufi zikaanza kusema.

P ilikuwa imeinama kidogo kushoto. S ilisimama wima, lakini chini ya mstari wa P kwa karibu nusu milimita, na kina chake upande wa juu kilizidi cha upande wa chini. Hii ina maana kwamba kila herufi iligongwa kwa panchi yake, yaani kipande cha chuma chenye herufi moja nchani, mkono ukishika panchi moja baada ya nyingine. Warsha iliyouza vyombo kwa wingi ilikuwa na muhuri mmoja wenye jina au herufi zake zote, hivyo nafasi kati ya herufi haibadiliki kutoka chombo hadi chombo, na mstari hauyumbi.

Kando ya kila mchoro wa herufi, chuma kilikuwa kimesukumwa nje kikaacha kingo zilizoinuka, na ukipitisha ukucha unazihisi. Mtengenezaji kwa kawaida hugonga chapa kabla ya kumaliza kazi, kisha hupitisha tupa laini au kusugua, na kingo hizo huondoka. Hapa herufi zilikuwa zimegongwa juu ya uso uliokwisha kumalizwa, tena S ilikatiza mkwaruzo wa zamani: mkwaruzo ulikuwepo kwanza, herufi ikaja baadaye. Chombo kilikuwa kimeshatumika kabla ya kupata herufi zake.

Niliwaza pia kama kuna mtu aliyezigonga hivi karibuni ili kulipandishia chombo hadhi. Jambo hilo hutokea. Lakini sakafu ya herufi ilikuwa na rangi ileile ya kahawia nyeusi kama uso uliozizunguka, na chini ya uchafu wa juu kulikuwa na kutu iliyoshikana. Herufi zilikuwa za miaka mingi.

Jioni ile nikampigia binti nikamwomba atazame vyombo vingine vyote sandukuni, hasa sehemu zisizofanya kazi: shingo ya nyundo, mkono wa koleo, upande wa nyuma wa bisibisi. Baada ya saa moja akanijibu kwa picha tatu. Koleo lilikuwa na P S. Nyundo ndogo ilikuwa na P S. Msumeno wa sonara ulikuwa na P S kwenye fremu, na S yake ilikuwa na kasoro ileile niliyoiona kwenye jiliwa: mkia wa chini ulikuwa umevunjika, kwa hiyo ulitoka mfupi. Panchi ileile moja ilikuwa imepita kwenye vyombo vinne vya aina nne tofauti.

Nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kumuuliza siku ya kwanza: "Kuna mtu katika ukoo wenu jina lake linaanza na P na la pili na S?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Fundi, huyo ni babu yake mama. Ndiye aliyemfundisha baba kazi."

Kutoka kwenye herufi kwenda kwenye chuma

Kufikia hapo swali la P S lilikuwa limejibiwa, lakini umri na asili ya chombo vilikuwa bado. Mtu anaweza kumiliki jiliwa la karne ya 18 na kugonga herufi zake mwaka 1930. Nikaanza upya, nikayaweka mambo ya herufi pembeni.

Kwanza, chuma. Majiliwa ya zamani ya Lancashire na Sheffield yalifuliwa kwa nyundo kutoka chuma cha kufua, kisha kipande cha pua, yaani chuma kigumu cha kutengenezea makali, kikaungwa motoni kwenye mataya, kwa sababu pua ilikuwa ghali na ilihitajika pale penye meno peke yake. Chuma cha kufua kina takataka za tanuru zilizonyooshwa ndani yake, na kutu inapokila huonyesha nyuzinyuzi kama za ubao. Kwenye mataya mara nyingi huonekana mstari hafifu ambapo pua inakutana na chuma. Jiliwa hili halikuwa na mstari huo wala nyuzinyuzi. Kutu yake ilikuwa na vishimo vya duara vilivyotawanyika sawasawa, kama kwenye chuma cha aina moja kutoka juu mpaka chini. Na ndani, karibu na bawaba, mahali ambapo tupa haifiki kwa urahisi, kulikuwa na mstari mwembamba ulioinuka ukifuata ukingo wa mguu. Huo ni mabaki ya chuma kilichobanwa nje kati ya nusu mbili za ukungu wa kufulia, yaani kalibu. Ufuaji wa kutumia ukungu na nyundo ya mashine ulienea katika nusu ya pili ya karne ya 19. Pete za urembo zilizonivutia siku ya kwanza zilitoka kwenye ukungu, kisha zikapitiwa tupa.

Pili, skrubu, na hapa nitakaa kidogo. Kabla ya katikati ya karne ya 19 kila warsha ilikuwa na sahani zake za kukatia hesi, yaani thredi, na hesi za warsha moja hazikuingiliana na za nyingine. Mwaka 1841 Joseph Whitworth alipendekeza nchini Uingereza hesi za aina moja zenye pembe ya nyuzi 55. Marekani ikafuata njia yake mwaka 1864 kwa mapendekezo ya William Sellers, pembe nyuzi 60. Bara la Ulaya lilikuwa na hesi kadhaa za kimetriki mpaka makubaliano ya Zurich ya mwaka 1898. Kwa hiyo skrubu ndogo ya milimita sita inabeba historia ndefu kama unajua kuipima.

Kabla ya kupima nilihitaji kujua kama ni skrubu ya asili. Skrubu na nati ndivyo vitu vinavyoharibika kwanza, na majiliwa mengi ya zamani yana skrubu iliyobadilishwa. Kwenye hili, mwisho wa skrubu ulipita kwenye mguu wa nyuma, ukapondwa kama ribiti, kisha ukapigwa tupa mpaka ukawa sawa na uso. Chini ya lenzi, mistari ya tupa ilitoka kwenye mguu, ikapita juu ya kichwa cha ribiti, ikaendelea upande wa pili bila kukatika. Skrubu na mguu vilimalizwa pamoja na mkono mmoja. Ndiyo hiyo mistari ambayo asidi ingeifuta.

Kipenyo cha nje kilikuwa milimita 5.9, kikiwa kimelika kidogo. Nikahesabu kutoka kilele cha kwanza hadi cha kumi na moja: milimita 10 kamili, yaani hatua (umbali wa kilele hadi kilele) ya milimita 1. Hesi ya Whitworth ya robo inchi ina vilele 20 kwa inchi, na kwa hesabu ileile ingetoa milimita 12.7. Tofauti hiyo inaonekana hata kwa rula ya shule. Vipimo hivi viwili, sita kwa moja, ni vya ukoo wa kimetriki. Hata hivyo havitaji mwaka: hesi ya Löwenherz, iliyopendwa na watengenezaji wa vyombo vya usahihi Ujerumani, ina hatua ileile ya milimita 1 kwa kipenyo cha 6, ila pembe yake ni nyuzi 53 na dakika 8 badala ya 60. Vilele vya skrubu hii vilikuwa vimelika mno kwa mimi kuapa juu ya pembe. Nikaandika "ya kimetriki" nikaishia hapo.

Tatu, na hili lingekuja siku ya kwanza kama ningekuwa na utaratibu, nikaitoa nati kabisa na kuifungua miguu hadi mwisho wake. Springi ilikuwa imefunika sehemu ya ndani ya mguu wa mbele. Sikutaka kuitoa ribiti yake, maana ribiti ikitoka hairudi ilivyokuwa. Nikatumia kioo kidogo cha daktari wa meno, tochi, na tone la mafuta ya taa. Kando ya springi, kwa herufi ndogo zilizopangika vizuri ndani ya muhuri mmoja, kulisomeka nusu ya R na kisha MANY.

Neno GERMANY kwenye chombo ni tarehe kwa namna yake. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 kuhusu alama za bidhaa ililenga bidhaa za kigeni zilizobeba majina au alama za kuweza kudhaniwa kuwa za Kiingereza, ikataka zionyeshe zilikotoka. Marekani nayo, kwa sheria ya ushuru ya McKinley ya mwaka 1890 iliyoanza kutekelezwa katika kipengele hicho Machi 1891, ikataka bidhaa zinazoingia ziandikwe jina la nchi kwa Kiingereza. Mtengenezaji wa Kijerumani asingekuwa na sababu ya kugonga jina la nchi yake kwa Kiingereza kabla ya hapo. Peter Stubs alikuwa ameshazikwa miaka 80 na zaidi.

Alama ya picha

Bado kulikuwa na kitu kimoja. Kwenye uso wa nje wa mguu wa mbele, ule uliong'arishwa na mashine, mwanga wa pembeni ulionyesha mabaki ya alama ya picha ndani ya duara la mviringo lenye upana wa milimita 7 hivi. Nusu ya juu ilikuwa imefutika kabisa. Nusu ya chini ilionyesha kitu kama miguu miwili na mstari wa ardhi.

Mwenzangu mmoja aliyeiona picha alisema mara moja ni simba wa Peugeot. Peugeot walikuwa wafua chuma wa Ufaransa waliotengeneza misumeno na vyombo muda mrefu kabla ya magari, na simba wao alisajiliwa mwaka 1858. Wazo halikuwa la kipuuzi. Nililikataa kwa sababu ya muhuri wa ndani: jiliwa lililogongwa GERMANY na kutengenezwa Ufaransa haliingii akilini, na miguu miwili iliyobaki inaweza kuwa ya farasi, mbuzi, ndege au mtu. Nilikuwa nimeshapewa fundisho la kutosha wiki ile kuhusu kuona ninachotaka kukiona.

Uamuzi na matokeo

Wiki ya pili nilikutana na binti. Chuo kilikuwa tayari kimeandaa rasimu ya kibandiko chenye jina la Stubs, kutokana na ule ujumbe wangu wa kwanza uliopita kwa jamaa na kufika kwa mkuu wa idara. Nilimwonyesha mambo kwa mpangilio ule niliopaswa kuufuata: chuma, ukungu, skrubu, muhuri wa ndani, na mwisho P S. Nilitaka aone kwa macho yake mwenyewe, chini ya tochi, badala ya kuliamini neno langu mara ya pili.

Alihuzunika, nisifiche. Karne ya 18 ilikuwa imeshaingia kwenye masimulizi ya familia. Lakini alipoiona S yenye mkia mfupi kwenye jiliwa, kisha kwenye nyundo, kisha kwenye msumeno, akaweka kidole juu ya herufi akakaa nacho hapo. Mpaka siku ile hakuwa na kitu chochote kilichoandikwa na mkono wa yule mzee.

Kibandiko kilichokubaliwa kilisema hivi: "Jiliwa la mkono la kushikia vipande vidogo. Ujerumani, baada ya 1887. Herufi P S ni za fundi aliyelimiliki." Chuo kilitaka tuongeze "yumkini mwanzoni mwa karne ya 20". Nilikataa. Umbo la kazi na namna ya kumalizia vinaelekea huko, na mazungumzoni ningelisema bila wasiwasi, lakini kibandiko husomwa na watu wasioweza kuuliza swali.

Uchambuzi

Kosa kubwa halikuwa kudhani ni Stubs. Dhana hiyo ilistahili kuchunguzwa. Kosa lilikuwa kuitamka kabla ya kipimo kimoja kufanyika, kwa mtu aliyekuwa na sababu zote za kuipokea. Neno "huenda" halisafiri vizuri. Likipita midomo mitatu linabaki jina tupu. Siku hizi simpi mwenye chombo jina lolote mpaka nimeandika karatasi yenye mambo manne yasiyohusu herufi: chuma na ufuaji wake, skrubu na kipimo chake, bawaba na springi zilivyofungwa, na sehemu zilizobadilishwa. Herufi hufuata.

Nilitazama herufi kama jambo la aina moja, ilhali kwenye vyombo vya zamani kuna angalau aina nne za alama, na kila moja inajibu swali tofauti. Ipo ya mtengenezaji. Ipo ya mfanyabiashara aliyekusanya kazi za mafundi wengi na kuziuza kwa jina lake. Hata PS halisi ya Warrington kwenye jiliwa inaweza kumaanisha kwamba Stubs aliliuza, na fundi aliyelifua alikuwa mtu wa kijijini ambaye jina lake halikugongwa popote. Ipo ya mwenye mali, kama hii ya kisa chetu. Na ipo ya taasisi: mshale mpana wa Uingereza, kwa mfano, ni alama ya mali ya serikali, wala haumtaji aliyekitengeneza. Ningejiuliza kwanza "alama hii ni ya nani kati ya hawa wanne?" ningetazama mstari uliopinda wa P na S kwa jicho jingine kabisa.

Kwa Uingereza kuna tofauti nyingine inayosaidia. Kampuni ya Wafua Visu ya Hallamshire, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1624, ilisimamia alama za mafundi wa Sheffield na viunga vyake, na mara nyingi alama hizo zilikuwa picha au maneno mafupi. Lancashire ilikuwa nje ya eneo hilo. Usajili wa alama za biashara wa kitaifa ulianza mwaka 1876 kufuatia sheria ya mwaka uliotangulia. Ukikuta maneno yanayotaja alama ya biashara kwenye jiliwa la Kiingereza, huna haja ya kurudi karne ya 18.

Kilichofanya kazi vizuri kilikuwa sanduku. Chombo kimoja kikitolewa kwenye kundi lake hupoteza ushahidi ambao hakuna lenzi itakayourudisha. S yenye mkia uliovunjika isingekuwa na maana yoyote kama ningebaki na jiliwa peke yake. Ningeiita kasoro ya kutu. Naomba sana wanaorithi vyombo: msiuze kimoja kimoja kabla ya kuvipiga picha vyote pamoja, pande zote, na kabla ya kuandika nani alikuwa navyo.

Kuzuia usafishaji kulifanya kazi kwa nusu tu, kwa kuwa nusu nyingine ilikuwa imeshatendeka. Dakika chache za brashi ya mashine zilikula nusu ya alama ya picha, na nusu hiyo ndiyo ingeweza kutupa jina la kampuni. Simlaumu kaka yake. Alitaka chombo cha baba yake kionekane vizuri mbele ya watu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kwenye chombo kama hiki uchafu ndio unaofunika maandishi, na unatolewa taratibu.

Skrubu ilinipa zaidi kuliko nilivyotarajia, na kwa muda mfupi kuliko kazi nyingine zote. Rula, lenzi na dakika 10. Ningeanza nayo, Stubs angetoka mezani siku ya kwanza saa ya kwanza.

Alama ya picha niliichora kwa wino mara tatu ya ukubwa wake, nikaandika kipimo cha duara, umbali wake kutoka kwenye tundu la skrubu, na pembe ya ile miguu miwili kwa mstari wa ardhi. Nakala moja iko sandukuni pamoja na vyombo vya mzee, nyingine ninayo. Muhuri huo uligongwa kwenye majiliwa mengine pia, na mahali fulani kuna moja ambalo nusu yake ya juu bado ipo.